Ndiyo, Bado

Siku ya kwanza ya warsha tulipewa fulana. Siku ya pili tukapewa chupa ya maji yenye nembo ileile iliyokuwa kwenye fulana. Siku ya tatu nikaanza kuelewa kwamba elimu yenyewe haimo kwenye mfuko wa zawadi, na moyo ukaanza kuchemka, maana mimi nikiuziwa mbuzi kwenye gunia siwezi kunyamaza. Chuoni wananiita Mbishi. Sikulichagua jina hilo, lakini sijawahi kulibishia.

Niliitaka warsha hii kwa sababu ya mama. Mama ana sukari, ile ya kujichoma sindano asubuhi na jioni kabla ya kula, na mwanzoni mwa muhula kliniki yake ilimwingiza kwenye huduma mpya. Kila jioni anapigiwa simu na mashine yenye sauti ya msichana, inamuuliza habari ya sindano, anajibu, simu inakatwa. Nesi hana haja tena ya kuwapigia wagonjwa mmoja mmoja. Kampuni iliyotengeneza sauti hiyo ndiyo iliyodhamini warsha yetu. Bango kubwa lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kitivo: JENGA MASHINE INAYOKUELEWA. Na chini yake, kwa herufi ndogo kidogo, kwamba mshiriki bora atapewa nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni hiyohiyo. Nikasema hapa ndipo pangu. Nilitaka kuifungua ile sauti kama fundi redio anavyofungua kifuniko, nione ndani mna nini.

Sikufungua kitu. Mkufunzi aliyeletwa na kampuni alikuwa kijana mtanashati, viatu vyeupe pe, na kila sentensi yake ilikuwa na neno fursa ndani. Kufikia mapumziko ya siku ya kwanza tulikuwa tumeshambatiza Bwana Fursa. Alituonyesha picha za ofisi yao, picha za viti vyao, picha ya bosi wao akipeana mikono na mabosi wengine. Siku ya pili niliinua mkono nikauliza ni lini tutaona msimbo wenyewe, jinsi mashine inavyolisikia neno na kulielewa.

"Swali zuri sana, dada," alisema, akatabasamu hadi magego. "Hiyo ni fursa ya baadaye. Kwa sasa tujenge fikra."

"Kilemba cha ukoka hicho," nilimnong'oneza Chiriku, rafiki yangu niliyekaa naye. Chiriku anaitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haupumziki, hata akiwa amelala huongea.

"Vumilia, Mbishi. Mtaka cha uvunguni sharti ainame."

"Nimeinama siku mbili. Huko uvunguni kuna vumbi tu."

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, tulihamishiwa maabara ya kompyuta. Mlangoni Bwana Fursa aliweka kikapu akatutaka tuache simu zetu humo, kwa kuwa eti tunakwenda kugusa siri za kampuni. Kidogo nifurahi. Nikajua sasa kazi imeanza. Asubuhi ile nilikuwa nimeongea na mama, na sauti yake haikunipendeza, kavu na nzito, lakini alisema ni uchovu tu na kiu, nisome, nisihangaike. Nikaidumbukiza simu kikapuni nikakaa.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Unavaa hedifoni. Unasikia kipande cha simu: sauti ya mashine inauliza swali, mgonjwa anajibu. Majina yameondolewa. Mbele yako kuna vitufe, AMECHOMA na HAJACHOMA, na cha pembeni cha yasiyoeleweka. Mwongozo uliobandikwa ukutani ulisema mgonjwa akisema "ndiyo", bonyeza AMECHOMA. Akisema "hapana", bonyeza HAJACHOMA. Mashine inalinganisha jibu lako na lake. Mkilingana unapata kijani. Mkitofautiana unapata nyekundu na alama zako zinashuka, na alama za kila mtu zilikuwa zinaonyeshwa ukutani kwa projekta, majina yetu yakipanda na kushuka. Atakayekuwa juu wageni wa kampuni wakifika ndiye mwenye ile nafasi.

"Kwa hiyo sisi ndio tunaifundisha mashine," nilimwambia Chiriku. "Bure."

"Si bure. Umepewa chupa."

Nikaanza. Kipande cha kwanza kilikuwa cha mzee mmoja mwenye kikohozi. Sauti ya msichana ikamwuliza kwa upole, "Hujachoma sindano yako ya jioni?" Mzee akajibu, "Ndiyo, bado, mjukuu wangu." Nikabonyeza HAJACHOMA. Nyekundu.

Nikadhani nimekosea kidole. Kipande kilichofuata kilikuwa cha mwanamke mwenye haraka, nyuma yake watoto wanapiga kelele. "Hujachoma sindano yako ya jioni?" "Ndiyo." Nikabonyeza HAJACHOMA. Nyekundu tena. Jina langu ukutani likateremka chini ya mvulana mmoja ambaye mimi humsaidia kila zoezi la hesabu, na yeye akageuka akanikonyeza.

Nilivua hedifoni nikainua mkono. Bwana Fursa akaja na tabasamu lake.

"Hawa watu wanasema hawajachoma," nilimwambia. "Mashine inaandika wamechoma."

"Wamesema ndiyo, dada."

"Wameulizwa *hujachoma*. Ukiulizwa hujachoma ukasema ndiyo, umekubali kwamba hujachoma."

"Ndiyo ni ndiyo. Kwa lugha yoyote ile duniani."

"Kaka, nikikuuliza hujala, ukanijibu ndiyo, nikupakulie au nisikupakulie?"

Wawili watatu waliokuwa karibu wakaguna kwa kicheko. Bwana Fursa hakucheka. Alieleza kwamba swali limeandikwa na wataalamu makao makuu, huko halikuwa na tatizo, likatafsiriwa na wataalamu wengine, na mfumo umeshafanyiwa majaribio. Alieleza kwa utulivu wa mtu anayemwelekeza mtoto asiyejua kufunga kamba za viatu. Chiriku akaingilia, na uso wake ulikuwa mkavu kabisa.

"Samahani, mkufunzi. Hao wageni hawajafika?"

"Ndiyo, bado, wako njiani," alisema Bwana Fursa.

Mstari mzima uliangua kicheko. Yeye hakuelewa kilichochekwa, au alielewa akajifanya hakuelewa. Akapiga makofi tuendelee, muda unakwenda, na akanigusa bega na kuniambia maoni yangu nitayaandika kwenye karatasi ya tathmini mwisho wa warsha. Nilirudisha hedifoni kichwani nikiwa nimekasirika, lakini hadi hapo hasira yangu ilikuwa ya mwanafunzi aliyepunjwa. Niliona wamenipotezea siku zangu, basi. Nikaendelea kubonyeza ninavyojua na kuvuna nyekundu.

Kisha nikamsikia mama.

Majina yanaweza kuondolewa, lakini sauti ya mama yako huwezi kuiondoa. Nilisikia kwanza sufuria ikifunikwa, kisha pumzi zake, kisha sauti ya msichana: "Hujachoma sindano yako ya jioni?"

"Ndiyo, mwanangu. Nangoja mboga iive ndiyo nichome."

Nilitabasamu. Niseme kweli, nilitabasamu, kwa sababu mama yangu huongea na kila kitu kwa adabu, hata redio huiambia asante. Kisha mashine ikamjibu.

"Asante. Sindano yako ya leo imekamilika. Tafadhali usichome tena. Kuchoma mara mbili ni hatari."

Nikasikia kijiko kikiwekwa mezani.

"Nimeshachoma?" aliuliza mama, polepole. "Ah. Haya. Kama mmesema. Asante, mwanangu."

Simu ikakatwa. Kwenye kioo vitufe vilikuwa vinaningoja nichague. Nilivua hedifoni. Kliniki wanawaonya wagonjwa kila siku kwamba kurudia sindano kunaweza kuua. Mama ni mtu wa kutii. Akiambiwa na watu wa hospitali kwamba ameshachoma, hachomi.

"Chiriku." Nilimvuta hedifoni. "Chiriku, umemsikia mama mmoja anangoja mboga iive?"

"Yule wa 'asante mwanangu'? Nimempata. Mara moja anangoja mboga, mara nyingine anangoja maji yachemke. Mama mmoja mtaratibu, hadi raha." Akaona uso wangu. "Nini?"

"Ulibonyeza nini?"

"Nilibonyeza... wanavyotaka wao. AMECHOMA." Sauti ilimfifia. "Mbishi, nini?"

"Ni mama yangu."

Chiriku aliweka mkono mdomoni. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Kama Chiriku amempata jioni nyingine, na nyingine, basi hili halikuwa la jioni moja tu. Ile sauti kavu ya asubuhi, ile kiu, ule uchovu, vyote vilinirudia kwa mpigo mmoja. Nilijua sukari ikipanda siku kadhaa bila sindano humfanya nini mtu. Nilijua kwa sababu kabla hajawekwa kwenye huduma ile, mimi ndiye niliyekuwa nampigia kila jioni.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye kikapu. Bwana Fursa akawahi kusimama mbele yake.

"Dada, simu ni baada ya kipindi."

"Mama yangu ni mgonjwa. Mashine yenu imemwambia asichome sindano."

"Huwezi kujua ni mama yako. Data imefichwa majina."

"Kaka, sogea."

"Sikiliza. Ukichukua simu humu ndani umevunja makubaliano ya usiri. Alama zako zitafutwa. Unaelewa? Ile nafasi utaisahau."

Mlango ukafunguka wakati huohuo na wageni wakaingia, suti na manukato na mpiga picha. Aliyetangulia alikuwa mhadhiri wetu, msimamizi wa mradi wangu wa mwaka wa mwisho, mtu ambaye sahihi yake ndiyo itakayoamua kama nitahitimu. Alituona tumesimama kikapuni tumetazamana kama majogoo. Akawaacha wageni kidogo, akaja, akaongea kwa sauti ya chini huku akiendelea kutabasamu kwa ajili ya kamera.

"Mna nini?"

Nikamweleza. Nilijitahidi kueleza vizuri, kwa mpangilio, kama anavyotufundisha, lakini maneno yalikuwa yanagongana. Ndiyo, hujachoma, mama, mboga. Nilijisikia mwenyewe nikiongea kama mtu aliyeota ndoto mbaya.

"Ni hoja ya msingi," alisema mhadhiri. "Ni hoja ya msingi sana. Iandike, tuijadili Jumatatu. Lakini si leo. Hawa wanatujengea maabara mpya, na wewe unajua hizi kompyuta zilivyo. Usituaibishe."

"Mwalimu, simu zinapigwa jioni hii."

"Usituaibishe," alirudia, na sasa hakutabasamu.

Wakati mwingine mtu hufanya jambo kubwa kwa sababu ni jasiri. Mimi sikuwa jasiri. Nilimpita Bwana Fursa kwa bega, nikapekua kikapu hadi nikaipata simu yangu, na kikapu kikaanguka, na simu za darasa zima zikatawanyika sakafuni mbele ya miguu ya wageni. Mpiga picha akapiga picha. Nikatoka nikikimbia.

Simu ilionyesha kwamba jirani yetu, fundi cherehani tunayepakana naye ukuta, amenipigia tena na tena. Nilimpigia nikiwa nashuka ngazi.

"We mtoto uko wapi?" alifoka. "Mama yako anatapika tangu saa nne asubuhi. Anasema usiambiwe, una mtihani. Mtihani gani huo? Nimemweka kwenye teksi, tunaelekea kliniki, na hata kuongea hawezi vizuri."

"Mwambie nesi hajachoma sindano! Fundi, mwambie hajachoma!"

"Mimi najua mambo ya sindano? Njoo umwambie wewe."

Nilipanda pikipiki. Sikumbuki barabara. Nakumbuka fulana yangu ya warsha, namna nilivyoona aibu kuivaa, na namna nilivyoivuta kifuani kana kwamba ninaweza kuing'oa ile nembo kwa vidole. Nilimlaani Bwana Fursa na viatu vyake. Nilimlaani na yule aliyetafsiri lile swali, yuko wapi, anaongea na nani nyumbani kwao.

Kliniki ilikuwa imejaa, lakini mama walishamlaza kitandani, kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Fundi alikuwa amesimama pembeni na futi yake ya kupimia bado ikining'inia shingoni. Mama alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka, na alikuwa anavuta pumzi ndefu, ndefu mno, na mdomoni mwake mlitoka harufu ya matunda yaliyooza. Nilimwita. Alipepesa kope, basi.

Nesi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mikono ya haraka. Kipima sukari hakikutoa namba. Kiliandika tu kwamba imepita kiwango. Alikitazama, akatazama kompyuta iliyokuwa mezani, akakunja uso.

"Ajabu," alimwambia daktari aliyekuwa anaandika karibu naye. "Sukari imefika huku, na mfumo unaonyesha jioni zote amechoma. Hajakosa hata moja."

"Basi dozi aliyopewa haimtoshi," daktari alisema. "Tumwongezee. Na ya nyumbani tuipandishe maradufu."

"Hapana!" Nilisema kwa sauti kubwa hadi wa kitanda cha jirani wakageuka. "Dozi inamtosha, daktari. Hachomi. Jioni hachomi kabisa. Mkimpandishia, siku atakayochoma sawasawa itamwangusha."

Daktari alinitazama, akaitazama fulana yangu. "Wewe ni nani?"

"Binti yake."

"Unakaa naye?"

"Nakaa hosteli."

"Kwa hiyo jioni humwoni akichoma wala asipochoma."

"Nimemsikia." Nikajua jinsi inavyosikika. "Nimesikia simu yake na mashine. Chuoni. Mashine imekosea."

Kwa sura yake niliona ameshanipeleka kwenye kundi la ndugu wasumbufu. Alianza kuandika. Mimi nilimshika nesi mkono, jambo ambalo huwa halifanywi, nikamwambia, "Dada, nakuomba. Muulize mwenyewe."

Hapo ndipo hofu iliponishika kuliko wakati wowote wa siku ile. Kwa sababu mama ameambiwa na watu wa hospitali kwamba amechoma, na mama si mtu wa kuwapinga watu wa hospitali mbele ya watu. Angeweza kusema amechoma kwa adabu tu. Angeweza kusema amechoma ili mimi nirudi kwenye mtihani wangu usiokuwepo. Na daktari alikuwa na kalamu juu ya karatasi.

Nesi aliinama karibu na sikio lake.

"Mama. Mama, nisikilize. Jioni hizi zote hujachoma?"

Mama alifungua macho. Alimtazama nesi kwa muda. Ulimi wake ulitafuta mate usiyapate.

"Ndiyo," alisema.

Nesi aliinuka, akamgeukia daktari.

"Hajachoma," alisema. "Usipandishe kitu. Ni jioni zote. Tumwekee dripu tuanze na dozi yake."

Hakuuliza mara ya pili. Daktari naye hakuuliza. Alikata alichoandika akaanza upya, na nesi mwingine akaja na dripu, na nikasogezwa hadi ukutani pamoja na fundi, ambaye alinishika mkono, na vidole vyake vilikuwa na matundu ya sindano za cherehani.

Walipomaliza kuhangaika naye, nesi alinijia. Sasa alikuwa na muda wa kunisikiliza, nami nikamweleza yote, taratibu, swali lenyewe neno kwa neno. Alisikiliza mkono kiunoni. Alikaa kwenye kompyuta, akapitisha macho kwenye majina ya wagonjwa wote waliomo kwenye huduma ile, kila mmoja na kijani chake, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Wote hawa tulikuwa tunawashangilia," alisema. "Leo itawapigia tena?"

Nilimpigia mhadhiri. Alipokea akiwa kwenye kelele za vinywaji na pongezi. Nilimwambia mama amelazwa. Alinipa pole, na ninaamini pole ile ilikuwa ya kweli. Nilimwambia simu zizimwe jioni hii hii. Akasema mwenye uwezo wa kuzima yuko makao makuu, na makao makuu sasa hivi ni usiku, lakini atatuma ujumbe. Jumatatu tukae kikao. Kisha akaniambia, kama mtu anayempoza mtoto, kwamba nafasi ya mafunzo amepata Chiriku.

Nesi hakusubiri Jumatatu ya mtu. Alivuta simu ya mezani ya kliniki, akabonyeza namba ya kwanza, akaanza. "Haloo, baba. Ni mimi nesi wako, si mashine. Ile simu ya jioni leo msiisikilize..." Alipomaliza mmoja akaenda kwa mwingine. Wengine walipokea. Wengine hawakupokea, na hao akawaandika kiganjani kwa kalamu.

Mimi nilirudi kwa mama. Rangi ilikuwa imeanza kumrudia, na pumzi zake zilikuwa zimefupika, zimekuwa za kawaida. Aliniona nimekaa, akaitazama fulana yangu, akajaribu kutabasamu kwa ile midomo iliyopasuka.

"Umependeza," alisema.

"Mama, kwa nini hukuchoma? Ulikuwa unajua hujachoma. Sindano si zilikuwa zinabaki? Ulikuwa unaziona."

"Nilikuwa naziona."

"Sasa?"

Alifumba macho. Nikadhani amelala.

"Walivyotuandikisha hapa," alisema, "walituambia hiyo simu ni kazi ya vijana wa chuo chenu. Kuna picha ya geti la chuo kwenye karatasi yao. Nikawaambia wenzangu pale kwenye benchi, basi hiyo ni ya binti yangu, yeye ndiye anayesomea hayo mambo. Nikawaambia sikilizeni hata sauti, inafanana naye." Alimeza mate. "Ikisema nimechoma, nami najua sijachoma, nasema aa, mtoto amesoma, huenda mimi ndiye ninayesahau. Uzee huu. Sasa ningekubishiaje, mwanangu?"

Mimi ninayebisha na kila mtu, niliweka kichwa kwenye ukingo wa kitanda nikalia mbele ya wagonjwa wote, na mama yangu, dripu ikiwa mkononi, akawa ananipapasa mgongo na kunibembeleza mimi.